Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Kariakoo na Suala la Maghorofa

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtasomewa na mhazini. Vitabu vimekaguliwa na vimefungwa, mwenye swali amuulize yeye mkutanini, asinikamate mimi ngazini. Walinzi wa usiku wamelipwa, taka zinazolewa, taa za uchochoroni bado tunavutana na fundi. Nafasi yangu naitumia kwa ajenda ya tano, iliyotugawa karibu mwaka mzima: je, umoja wetu uandike barua ya kuunga mkono maghorofa marefu zaidi katikati ya jiji, kuanzia hapa kwetu Kariakoo?

Waliolileta jambo hili si watu wa kubezwa. Wanasema mji umejaa, na ni kweli. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni 4.36, ile ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Fremu za maduka zinagombaniwa, kilemba, ile fedha ya kuachiwa fremu, kimefika mahali ambapo kijana anayeanza biashara anamaliza mtaji kabla hajaweka hata mzigo. Ardhi haiongezeki, kwa hiyo twende juu. Ukiisikia hoja hiyo mara ya kwanza unaikubali.

Lakini tujiulize hao watu milioni moja walioongezeka wamekwenda kuishi wapi. Wamejenga Chanika, Mbagala, Goba, Bunju. Hawakuja kulala ghorofa ya ishirini Posta. Wanaingia mjini asubuhi kwa mwendokasi na daladala, jioni wanatoka. Minara iliyoota Posta na kando ya Barabara ya Sokoine, ukiwemo ule uliojengwa na PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wenye ghorofa 35, mingi ni ya ofisi. Na tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, wizara zimeondoka na wapangaji wake. Sisemi minara ile haina faida. Nasema haijapunguza kodi ya chumba cha mtu yeyote Buguruni, na anayetuambia maghorofa ya katikati ya mji ndiyo dawa ya uhaba wa makazi atuonyeshe mgonjwa aliyepona.

Kariakoo ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba tusidanganyane, maana wengi wetu tumo. Mzee ana kiwanja alichorithi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Anakuja mwenye fedha, wanaingia ubia: mzee anatoa ardhi, mwenzake anajenga, jengo likiisha mzee anapata ghorofa zake na fremu mbili za chini. Tangu siku hiyo pande zote mbili zina hamu ya ghorofa moja ya ziada, kwa kuwa kila ghorofa ni fedha. Mchoro uliopitishwa unabaki kwenye faili, zege linaendelea kupanda. Kiwanja hakijapanuka hata futi moja. Chemba ya maji taka ni ileile, na masika ikifika tunavuka Mtaa wa Kongo kwa kukanyaga matofali.

Kamati ilizunguka kwenye majengo ya wanachama wenyewe, kwa ruhusa yao, na sitaji la nani. Kwenye jengo moja mita zote za umeme za LUKU zimepangwa ukutani chini ya ngazi. Mbele yake mama wa chai ameweka jiko la mkaa. Ukipanda, kona ya ghorofa ya tatu imezibwa na marobota ya vitenge, mpaka upite ubavu ubavu, na wanaoshuka na mizigo wanakusubiri juu. Ghorofa za juu zilijengwa ziwe makazi, leo ni stoo, maana mwenye duka la chini anataka mzigo wake uwe karibu. Nondo zilizopigiwa hesabu ya vitanda na makochi sasa zinabeba marobota na maboksi ya vigae. Nilimuuliza mpangaji mmoja moto ukitokea atapita wapi. Alicheka, akaniambia Mungu yupo. Yupo, lakini ngazi ya dharura haipo.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 16 Novemba, jengo lilipoanguka hapa hapa Kariakoo. Sina haja ya kuwasimulia ninyi. Wengine mlichimba kwa mikono kabla mitambo haijafika, mkisikia sauti za watu kutoka andagraundi. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai; wengine wapatao 30 hatukuwapata wakiwa hai. Tuwaombee.

Jengo lile halikuwa refu. Lilikuwa na ghorofa nne. Ndiyo maana siwaungi mkono hata wale wanaotaka tuandike barua ya kupinga kila kitu kinachozidi ghorofa sita. Jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, likaua zaidi ya watu 30, lilikuwa limefika ghorofa 16. Moja refu, moja fupi, yote yameua. Urefu peke yake hautuambii kitu. Cha kuuliza ni nani alipima udongo, nani alisaini, na nani alirudi kukagua baada ya jengo kuanza kutumika na watu kuanza kuchimba na kutoboa.

Kuna waliosema pia andagraundi zipigwe marufuku. Hao nawakumbusha Shimoni. Soko letu kuu, alilolichora Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 likiwa na ghorofa nzima chini ya ardhi, ndiyo hiyo Shimoni, na lile paa la miavuli ya zege linalokinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza vibaya sana, lakini haukuliangusha. Kuchimba chini si dhambi. Kilichotuponza ni kuchimba chini ya jengo ambalo watu wanafanyia biashara juu yake, bila mhandisi, ili zipatikane fremu zaidi.

Waziri Mkuu aliunda tume ya kukagua majengo yote ya Kariakoo. Kamati imewataka wanachama waifungulie milango, pamoja na zile stoo ambazo funguo zake huwa "zimesahaulika nyumbani". Wapo walionung'unika kwamba tunajiuza. Mimi naona afadhali jengo liwekewe alama nyekundu likiwa limesimama.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili: barua ya kuomba majengo marefu zaidi tusiiandike mwaka huu. Badala yake tuiombe Halmashauri ya Jiji ianze na mifereji na maji taka, na iache njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita mchana wa Desemba. Hayo yakionekana, mimi mwenyewe nitalirudisha suala la ghorofa mezani, kwa sababu sipingi mji kukua kwenda juu.

Upande wetu pia kuna kazi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawataka wenye sehemu kwenye jengo moja wawe na chama cha kusimamia ngazi, lifti, paa na vinginevyo vya pamoja. Mikataba mingi ya ubia tuliyoletewa mwaka huu haisemi lolote kuhusu nani atatengeneza lifti ikifa. Wazee wetu wamesaini wakiangalia idadi ya ghorofa tu. Tumepata wakili atakayekuwa anasoma mikataba hiyo kwa bei ya wanachama, na katibu anaandikisha majina. Mwenye mkataba ambao bado hajausaini aje nao kabla ya kuchukua hata senti ya mwenye fedha.

Ajenda ya tano itapigiwa kura ya siri baada ya chakula. Wenye madeni ya ada watasikiliza tu.