Ukuta wa Las Vegas si wa kupigia picha tu

Mhariri,

Makala yenu ya safari imemshauri msomaji anayepita Las Vegas atenge saa moja kwa jumba la makumbusho ya magenge ya uhalifu, Mob Museum, apige picha kwenye ukuta wa matofali, kisha arudi kwenye kasino. Kwa saa moja atatoka na picha hiyo na si zaidi. Atenge saa tatu.

Jumba liko Stewart Avenue, mjini kati, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Fremont Street. Haliko kule Strip kwenye kasino kubwa, na wengi hupotea hapo. Ziara huanzia juu na kuteremka. Kwenye lifti bonyeza 3, ambayo kwa hesabu ya kwetu ni ghorofa ya pili, kwa kuwa Wamarekani huita ya chini kabisa ya kwanza. Anayeanzia chini atakutana na maabara za polisi kabla hajajua zilihitajika kwa sababu gani.

Sasa huo ukuta. Tarehe 14 Februari 1929, wanaume saba walipangwa wakiangalia ukuta wa gereji moja huko Chicago na kumiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Gereji ilibomolewa 1967, na mfanyabiashara wa Kanada akanunua matofali. Kwa muda ukuta ulisimama kwenye choo cha wanaume wa klabu ya usiku mjini Vancouver! Matofali zaidi ya 300 ndiyo yaliyopo leo Las Vegas, na jumba lilifunguliwa 14 Februari 2012, siku ileile ya mauaji.

Wageni huyatazama matundu ya risasi, ilhali kilichoamua mambo ni maganda 70 ya risasi yaliyobaki sakafuni. Kwa sababu ya zile sare, watu waliwashuku polisi wenyewe. Akaitwa Calvin Goddard, mtaalamu wa silaha. Bunduki ikifyatuliwa, pini hugonga kitako cha risasi na kuacha alama, na ganda likisukumwa nyuma huchubuliwa na chuma cha bunduki. Vyuma hivyo vilikatwa kwa mashine ambayo makali yake huchakaa kidogo kidogo, kwa hiyo hata bunduki mbili za kiwanda kimoja haziachi mikwaruzo ileile. Goddard alitumia hadubini mbili zilizounganishwa ili jicho lione maganda mawili kwa wakati mmoja. Alifyatua rashasha za polisi wa Chicago, akalinganisha, na hakuna iliyokubali. Desemba mwaka huohuo, rashasha mbili zilikutwa nyumbani kwa jambazi Fred Burke huko Michigan. Hizo zilikubali.

Hapa wageni hukosea mara mbili. Kwanza hudhani risasi yenyewe ndiyo shahidi bora. Risasi iliyopiga tofali hubonyea na alama zake kuharibika, wakati ganda hudondoka likiwa zima. Pili, hudhani ganda humtaja muuaji, kumbe linaitaja bunduki tu. Burke alifungwa maisha kwa kumuua askari polisi, si kwa mauaji ya gereji, na hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa hayo saba. Al Capone, mkuu wa genge la Chicago ambaye kila mtu humtaja mbele ya ukuta huo, siku ile alikuwa Florida. Alifungwa 1931 kwa kukwepa kodi.

Ghorofa iliyo katikati ina ukumbi wa mahakama, na hapo ndipo pa kuketi. Jengo hili la mwaka 1933 lilikuwa posta na mahakama ya serikali kuu, na ndani ya ukumbi huo kamati ya Seneta Kefauver, iliyochunguza magenge ya uhalifu, iliwahoji watu wa kasino tarehe 15 Novemba 1950. Anayepita bila kuketi hajaliona jumba.

Asiruke pia maelezo ya namna pesa za kasino zilivyoenguliwa, kama mtu anavyoengua malai, kabla hazijaingia vitabuni. Sarafu za mashine za kamari zilikuwa nyingi mno kuhesabiwa kwa mkono, zikawa zinapimwa kwa uzito. Mzani ukichezewa usome pungufu, ziada haina mwenyewe wala kodi. Shida ni kwamba sarafu ni nzito na hazibebeki kwa siri, kwa hiyo katika kasino ya Stardust ziliuzwa tena kwa wacheza kamari humohumo ndani, zikageuka noti, na noti ndizo zilizosafiri kwa wakubwa wa magenge.

Kwa wenye watoto: zipo picha halisi za maiti, na hazikufunikwa. Mzazi mmoja atangulie chumba kwa chumba, mwingine abaki nao nyuma. Baa iliyo chini ya ardhi inaweza kusubiri hadi mwisho.

Ni sisi waongoza wageni,
Las Vegas, Nevada