Reli iliyokufa msiiuze kwa vipande, wanyonga baiskeli tupo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya utalii wa baiskeli, picha nimezipenda ila maneno yamenikera kidogo, maana mwandishi kaandika kama vile safari ya baiskeli huko mashambani ni suala la mtu kununua baiskeli ya bei mbaya na kofia na suruali ya kubana halafu aingie barabarani, basi. Hapana jamani. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida akinyonga polepole na kupumzika anaweza kwenda kilomita 40 au 50 kwa siku na jioni bado akapiga stori. Kinachomzuia sio mapafu, ni malori. Lori likikupita na spidi karibu na bega, ule upepo wake unakusukuma pembeni kwanza halafu unakuvuta ndani, na likishakupita la tatu la nne huoni tena mto wala ndege wala shamba la mtu, kazi yako inakuwa kusikiliza muungurumo wa nyuma tu.

Sasa njia isiyo na magari inatoka wapi? Watu wanadhani mpaka ijengwe mpya, sijui fidia sijui tenda, kumbe nyingi zilishajengwa zamani na watu wa reli, treni zikaacha kupita, zimelala tu na majani. Na tuta la reli kwa mnyonga baiskeli ni mali kuliko barabara yoyote, sababu yenyewe ni fizikia: gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, treni yenye mzigo haiwezi kilima kikali, kwa hiyo mainjinia walilazimika kukata vilima, kujaza mabonde, kupiga madaraja na kutoboa milima mpaka mwinuko ukabaki kama asilimia 1 au 2 hivi, yaani kila mita 100 unapanda mita 1 au 2 tu. Jasho walilitoa wao, wewe unakula mserereko. Hata kona ni pana huna haja ya kukaba breki. Mtoto anaweza, bibi anayelalamika magoti anaweza, mwenye mizigo kwenye keria naye anaweza.

Na hii sio ndoto ya mtu. New Zealand kuna njia ya Otago, reli ilifungwa 1990, mwaka 2000 ikafunguliwa kuwa ya baiskeli, kilomita 152 kutoka Middlemarch mpaka Clyde, inapita kwenye nchi wazi ya kondoo na mawe. Vennbahn inaanzia Aachen Ujerumani inaingia Ubelgiji inamalizikia Troisvierges huko Luxembourg, kama kilomita 125, nchi tatu na magari unayaona kwa nadra, zaidi kwenye makutano. Wisconsin Marekani ipo ile ya Elroy mpaka Sparta yenye mahandaki matatu, hilo refu linapita kilomita 1, giza totoro, maji yanadondoka kichwani, unashuka unaikokota baiskeli na tochi mkononi hata kama nje jua linawaka (bebeni sweta, wengi hupuuza hili). Na sio reli tu, mifereji ya zamani nayo ina njia pembeni walikopita farasi wakivuta boti, kama Canal du Midi Ufaransa, kilomita 240, ilifunguliwa 1681, tambarare karibu yote ingawa kuna sehemu ni udongo na mizizi ya miti mpaka makalio yanaomba talaka.

Haya, sasa ndo nafika nilipotaka kufika, na ndicho mwandishi wenu hakukigusa kabisa. Njia ya namna hii thamani yake ni kuunganika. Ukiwa na kilomita 60 halafu katikati kipande cha mita 300 kimeuzwa mtu kajenga godauni, huna tena kilomita 60, una vipande viwili na katikati yake unarudishwa kwenye malori, na mzazi mwenye watoto hapohapo anaghairi safari nzima. Uingereza waliumia sana kwa hili, baada ya ripoti ya Beeching ya 1963 iliyoshauri reli zisizolipa zifungwe, maelfu ya kilomita za reli zilifungwa, ardhi ikauzwa kidogo kidogo, huku mkulima kachukua tuta lake kule zimepanda nyumba, madaraja yakabomolewa, na hao wanaotaka kuziunganisha leo wanakutana na kazi ya kununua tena au kuzunguka. Pale Bristol mpaka Bath walibahatika, watu wa kujitolea wakaanza kuitengeneza reli ya zamani kuwa njia ya baiskeli 1979 wakamaliza 1986, kilomita 21 hivi, mpaka leo inatumika.

Wamarekani walishtuka mapema kidogo. Mwaka 1983 walipitisha sheria inayosema reli isiyotumika inaweza kuwekwa akiba, ardhi inabaki nzima mkononi mwa anayeitunza, watu wanapita kwa miguu na baiskeli, na siku treni ikihitajika tena inarudi. Kwa hiyo hata yule anayesema "tutaifufua reli yetu bana" hana hoja ya kukataa, maana anayepita na baiskeli leo ndo anamtunzia tuta lake lisivamiwe. Njia ya Katy huko Missouri imepatikana kwa mtindo huo, zaidi ya kilomita 380, sehemu kubwa inafuata mto.

Mengine ni madogo lakini yanaudhi. Mageti. Sijui nani aliwaambia mafundi kwamba njia ya baiskeli lazima iwekwe vyuma vya kujikunja kila inapokata barabara, wanasema ni kuzuia pikipiki, na pikipiki inapenya kiulaini, anayekwama ni mwenye baiskeli ya matairi matatu, mwenye tela la mtoto nyuma, na mtu wa kiti cha magurudumu ambaye hiyo ndiyo njia pekee ya yeye kufika mashambani. Nguzo moja katikati yenye rangi inayoonekana usiku inatosha. Halafu hii ya kung'ang'ania lami kila mahali nayo sio lazima, changarawe laini iliyoshindiliwa vizuri na mitaro inayotoa maji inatosha kabisa kwa tairi lenye upana wa milimita 40, ila wakimwaga kokoto kubwa za reli wakaziacha vilevile hapo wamefanya usanii.

Najua wenye mashamba wana hofu, mbwa wa wageni, geti kuachwa wazi mifugo ikatoka, takataka. Hofu yao ni ya kweli na ijibiwe kwa uzio na kwa kuwaita kwenye kikao kabla tingatinga halijaja, sio baada, maana aliyeshirikishwa mwanzo ndiye mara nyingi anaishia kufungua kibanda cha kuuza chai na tyubu pale njia inapopita kwake.

Kwa hiyo Mhariri, mkirudia mada hii mpelekeni mwandishi kwenye ofisi za ardhi badala ya dukani kwa baiskeli. Aulize maswali mawili tu, hati ya tuta la reli iliyokufa iko kwa nani leo, na vipande gani vimeshatangazwa kuuzwa. Mkitoa ramani ya hivyo vipande gazetini mi nitaikata niibandike ukutani.

Msomaji wenu, mnyonga baiskeli