Barua fupi zinapita, zenye viambatanisho zinakwama

Nyegezi, Mwanza

Kwako ndugu yangu,

Salamu nyingi, habari za Kirumba na kazi? Maelezo yako yanatosha kabisa kuonyesha tatizo lilipo: barua pepe ya mistari mitatu inafika, ila ukiambatanisha cheti cha afya cha minofu ya sangara inabaki kwenye foleni mpaka taimauti. Tafadhali usiongeze muda wa kusubiri. Postfix, programu inayotuma barua kwenye seva yenu, tayari inavumilia sekunde 180 bila data kusogea. Ukiweka 600 foleni itarefuka tu, na mnunuzi ataendelea kukosa karatasi huku mzigo umeshaondoka.

Ukiingia kwa telnet kwenye poti 25 (ya barua pepe) ya seva ya mpokeaji, salamu yake ya 220 inakuja, amri za EHLO, MAIL FROM na RCPT TO zinajibiwa papo hapo, hata 354, yaani ruhusa ya kutuma mwili wa barua, unaipata. Ukimya unaanza baada ya hapo, kwa sababu amri hizo zote ni paketi fupi. Mwili wa barua ndio unaojaza paketi ya baiti 1500, na laini yenu ya intaneti, ya aina ya PPPoE, inabeba 1492 tu. Ruta ikikutana na paketi kubwa iliyokatazwa kugawanywa, huitupa na kuirudishia seva ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za makosa ya mtandao), aina ya 3 msimbo wa 4, unaotaja ukubwa unaopita. Aliyefunga ICMP yote kwenye faiawoli alidhani anaongeza usalama, kumbe ameuziba ujumbe huo. Seva haina habari, inarudia paketi ileile hadi muda unaisha.

Pima ukiwa kwenye seva yenyewe. Chagua anwani ya nje, uhakikishe kwanza inajibu ping ya kawaida, kisha (-M do inakataza kugawanya paketi):

ping -M do -s 1472 -c 3 anwani

1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500. Shuka hadi 1464. Hiyo ikipita na 1465 ikagoma, kikomo ni 1492. Tazama sana 1472 inavyogoma: ikirudi na jibu linalotaja 1492, ICMP ni nzima na utafute kwingine, ikipotea kimya, umeshalipata tatizo.

Fungua aina ya 3 msimbo wa 4 kwenye faiawoli, halafu kwenye ruta ya Linux weka:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

MSS, yaani data nyingi kabisa inayoingia kwenye paketi moja ya TCP, itashuka hadi 1452 (1492 kutoa 40 za vichwa). Kwenye ruta ya MikroTik kazi hiyo ni ya change-mss. Barua zinazopita handaki la GRE (paketi inafungwa ndani ya paketi nyingine) kwenda Dar zinapoteza baiti 24 zaidi, kwa hiyo huko hesabu 1428. Fanya yote mawili, maana MSS inasaidia TCP peke yake.

Kisha sukuma foleni kwa postqueue -f, huku dirisha la pili likitazama paketi kwa tcpdump -ni eth0 port 25 or icmp.

Kama 220 yenyewe ndiyo inayochelewa, hilo mara nyingi ni la DNS (utafutaji wa anwani kwa jina): angalia /etc/resolv.conf, seva ya kwanza ikiwa imekufa kila swali linasubiri sekunde 5.

Nitumie majibu ya 1472 na 1464 kama yalivyo, bila kuyafupisha. Wasalimie nyumbani.

Ni mimi nduguyo.