Usikimbilie kabureta

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili jioni

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila baridi ya asubuhi inatutesa. Mama anaendeleaje na mguu?

Nimesoma ujumbe wako kwamba Land Rover ya marehemu mzee inazunguka vizuri lakini haiwaki, na fundi anataka umnunulie kabureta nyingine, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nakuomba usitoe hela bado. Stata ikizungusha injini kwa nguvu, betri na waya wa bodi (ule unaounganisha betri na bodi ya gari) viko sawa. Kilichobaki ni mafuta au moto. Piga stata kama sekunde kumi, halafu fungua plagi moja uinuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto. Ikiwa kavu, tazama pampu na kile kikombe chake cha kioo, maana vumbi na maji ya kwenye tangi huishia humo.

Yangu iligoma mwaka jana nikiwa Mpwapwa. Nilifumua kabureta kutwa nzima, nikapuliza kila kitundu, wapi! Giza lilipoanza kuingia nikavua kava la distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, nikawasha swichi, nikatenganisha platini, zile nyuso mbili za chuma zinazokata na kuunga umeme humo ndani, kwa bisibisi. Cheche nene ikaruka palepale kwenye platini, na nyuso zake zilikuwa zimeungua hadi kuwa za bluu. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachomeza umeme platini zinapoachana, ilikuwa imekufa. Ikifa, umeme unaishia kwenye platini na koili, inayokuza umeme wa betri, haitoi moto wa kutosha kwenda kwenye plagi. Kitu chenyewe kidogo kuliko kidole gumba!

Ukiweka kondensa mpya, badilisha na platini. Zima swichi, gia iwe nyutro, zungusha kwa hendeli mpaka kisigino cha platini kifike juu kabisa ya nundu ya mhimili wa distributa, ndipo upime nafasi kati ya nyuso za platini: milimita 0.35 hadi 0.40. Kaza skrubu, upime tena, kwa sababu ukikaza nafasi inahama. Na ushike hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine. Injini ikipiga kinyume inavunja mkono.

Ule waya mfupi ndani ya distributa nao uvute taratibu. Huwa unakatika kwa ndani, ganda likabaki zima.

Jumamosi nakuja Kondoa na basi la kwanza, nikiwa na kondensa na fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi. Fundi asiiguse kabureta kabla sijafika. Mzee aliifunga kwa mikono yake.

Nduguyo