Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: ushauri wa inzi wa maembe utolewe kwa shehia nzima

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Embe boribo likiwa na kitundu cha ncha ya sindano na utomvu ulioganda pembeni yake, mnunuzi wa soko la Darajani, mjini Unguja, halishiki mara ya pili. Anajua ndani mna funza. Aliyetoboa ni inzi wa matunda Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia, ambaye aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na mwaka huohuo akaonekana Tanzania.

Tunaloliomba ni moja: mabwana na mabibi shamba waache kushauri shamba mojamoja, washauri shehia nzima (mtaa au kijiji kizima) kwa wakati mmoja. Sababu ni maisha ya inzi mwenyewe. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe linaloanza kukomaa. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, funza hula nyama ya tunda kwa wiki moja au zaidi, embe likaanguka, naye akatoka na kujichimbia sentimita chache tu udongoni. Baada ya siku kama 10 hutoka inzi mpya, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kwa hiyo anayepiga dawa mti mzima hamfikii funza aliye ndani ya tunda, wala pupa (funza anayegeuka kuwa inzi) aliye ardhini. Hata akiwaua inzi wote wa kwake leo, wiki ijayo watahamia wa jirani asiyeokota maembe yake.

Kuokota ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Maembe yaliyoanguka yaondolewe kila baada ya siku 2 au 3, kabla funza hawajatoka. Kuyatupa jaani mwa shamba ni kuwahamisha tu. Yafukiwe shimo la nusu mita au zaidi na udongo ushindiliwe. Yakifukiwa juujuu, inzi hupanda na kutoka. Kwenye ardhi ya mawe, kama kule Muyuni na Makunduchi, shimo hilo halichimbiki, na ushauri wa kuyafungia kwenye mifuko ya plastiki haufai katika nchi iliyoipiga marufuku. Huko maembe yarundikwe juani chini ya turubai la nailoni lisilo na tundu, kingo zake zikandamizwe kwa mchanga au mawe, yapikwe na joto kwa wiki nzima. Mwenye ng'ombe au mbuzi awalishe siku hiyohiyo.

Mitego nayo inatumiwa vibaya. Methili yujeno, mvuto wa harufu unaotiwa mitegoni, huwavuta madume peke yao. Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye matundu 4 ya sentimita 1 hadi 2, pamba yenye mvuto na malathioni (dawa ya kuua wadudu) ikining'inia ndani, hutundikwa kivulini mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini. Waya upakwe grisi, la sivyo chungu (sisimizi) watakula inzi waliokufa na hesabu itakuwa ya uongo. Mvuto ubadilishwe kila wiki 4 hadi 6. Lakini dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo chupa mbili tatu katika shamba moja ni kipimo, si kinga. Na kwa wanaotia mafuta ya makonyo ndani ya chupa: hayo ni yujeno, si methili yujeno, na nguvu yake kwa inzi huyu ni ndogo sana.

Anayemfikia jike ni chambo cha protini, kwa kuwa jike huhitaji protini ili mayai yakomae. Mililita 50 za mchanganyiko wa protini na dawa kidogo hupigwa sehemu moja ya mti yenye ukubwa wa mita 1 ya mraba, upande wa chini wa majani, mara moja kwa wiki hadi mavuno yaishe. Mvua ikinyesha, hurudiwa. Dawa inayotumika ni kidogo mno, na chungu majimoto wanasalimika.

Hawa majimoto wanaoshona majani tungeomba wasichomwe moto. Utafiti uliofanywa hapa Unguja miaka ya 1950 ulionesha kuwa wanalinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha nazi changa. Kwenye miembe pia huwafukuza inzi wanaotaga. Wachumaji wanalalamika kuumwa, na wana haki, ila jivu mikononi na miguuni hupunguza.

Msimu ukiisha, inzi hafi njaa. Yumo kwenye mapera, na zaidi kwenye miti ya mikungu iliyojaa pwani na viwanja vya skuli, ambayo haina mwenyewe wa kuiokotea kungu zake. Hapo ndipo sheha, kiongozi wa shehia, anapohitajika kuliko bwana shamba.

Unguja ilimtokomeza mbung'o kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, wa mwisho akinaswa mwaka 1996. Hatuombi muujiza huo: mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja, huyu hutaga mamia. Lakini kazi ile ilifanywa kisiwa kizima kwa mpango mmoja, na hilo linawezekana hata kwa ufagio na turubai.

Basi, Mheshimiwa, tunaomba shehia mbili za majaribio, moja Unguja na moja Pemba. Mvuto na chambo viagizwe mapema na wizara, maana dukani ni adimu. Bwana shamba ahesabu mitego kila wiki na kubandika idadi kwenye ofisi ya sheha, kuanzia wiki 8 kabla maembe hayajakomaa, na sheha apange siku za kuokota. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Kizimbani, ikate maembe 100 kutoka kila shehia wakati wa mavuno, ihesabu yenye funza, kisha ifanye hivyohivyo katika shehia jirani ambayo haikufanya lolote.

Wenu,
Washauri wa mashamba ya miembe, Unguja na Pemba