Mmemwandika Layla Murad bila sauti yake

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 na sijapata kukuandikia, hata pale mlipokosea jina la marehemu jirani yangu katika tangazo la msiba. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu ya Jumapili iliyopita juu ya Layla Murad, nyota wa filamu za Misri, ilijaza ukurasa mzima kwa habari za waume zake, dini ya wazazi wake na tuhuma za mwaka 1952, kisha katika mstari wa mwisho mkataja kwamba pia aliimba. Hilo "pia" limeninyima usingizi.

Tuhuma zenyewe mmezianza na hamkuzimaliza. Ni kweli kwamba baada ya maofisa wa jeshi kumpindua Mfalme Farouk mwezi wa Julai 1952, zilienea habari kuwa Layla, aliyezaliwa Cairo mwaka 1918 katika nyumba ya Kiyahudi na kusilimu katika miaka ya 1940, alikwenda Israel na kuichangia fedha. Syria ikazisusia filamu zake. Wakuu wa Misri wakachunguza, wasikute kitu, na mwaka huohuo wakamtakasa. Hilo la kutakaswa mmeliacha! Msomaji anafunga gazeti akiamini kwamba mwanamke huyu aliisaliti nchi yake, ilhali nchi yenyewe ilikwisha kusema kuwa hakuisaliti. Mwenyewe amefariki tangu Novemba 1995 na hawezi kujitetea, kwa hiyo namtetea mimi.

Layla alikuwa binti wa Zaki Murad, mwimbaji aliyejulikana Cairo nzima, na alianza kuimba mbele ya watu akiwa msichana mdogo. Mwaka 1938 Muhammad Abdul Wahab, mwimbaji na mtunzi mashuhuri wa Misri, alimchukua kuimba naye katika filamu ya Yahya al-Hubb, na baada ya hapo mtengenezaji filamu Togo Mizrahi akatoa filamu moja baada ya nyingine zenye jina la Layla juu ya bango, kwa kuwa jina hilo peke yake lilitosha kujaza ukumbi. Alicheza zaidi ya filamu 25. Katika Ghazal al-Banat ya mwaka 1949 yeye ni binti wa pasha, yaani mkubwa mwenye cheo, naye binti amefeli Kiarabu, na mwigizaji Naguib al-Rihani ni mwalimu maskini aliyeletwa kumfundisha. Somo la herufi, abjad hawwaz, linageuka wimbo kinywani mwa mwanafunzi, na mwalimu anajikuta anafuata badala ya kuongoza. Al-Rihani alifariki kabla filamu haijaonyeshwa. Mtu akishaitazama sehemu hiyo hawezi tena kuandika kwamba Layla "pia" aliimba.

Lakini sikushangaa sana, kwa sababu ujinga huu nimekwisha kukutana nao ana kwa ana. Marehemu shangazi yangu, ambaye siku zile za maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao hakukosa kwenda hata akiwa na homa, aliniachia santuri saba za Layla, zile nzito za zamani zinazovunjika kama sahani. Mwaka juzi nilizipeleka katika kituo kimoja cha redio hapa mjini ili zinakiliwe zisije zikapotea, nikiwa nimezifunga moja moja kwa kitambaa cha kanga. Kijana aliyezipokea akazitoa kwenye kanga, akazirundika juu ya meza bila chochote kati yake, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya bahasha "Umm Kulthum". Nikamwambia, mwanangu, huyu si Umm Kulthum, yule mwimbaji mwingine wa Misri, huyu ni Layla Murad. Umm Kulthum alicheza filamu sita tu akaiacha sinema, na wimbo wake mmoja jukwaani ungeweza kuchukua saa nzima, lakini huyu alikuwa mtu wa filamu, mwenye dakika chache tu za kukutoa machozi kabla picha haijaendelea. Akanijibu, "Si Waarabu wote hao, mzee?" Nilipozirudia baada ya wiki tatu, hakuna iliyonakiliwa, na mbili zilikuwa zimepasuka toka ukingoni hadi katikati. Hakuna aliyeniomba radhi.

Na vituo hivyohivyo ndivyo vinavyotuhubiria kila mwezi kuhusu kuhifadhi taarabu! Mimi nimepiga fidla miaka 40. Namna fidla zinavyopanda pamoja, zikamwacha mwimbaji aseme, kisha zikamjibu, ustadhi wangu alinifundisha kwa santuri za filamu za Misri. Alikuwa akiinua sindano na kuirudisha palepale hadi vidole vyangu vikubali. Atakayehifadhi taarabu akazivunja santuri hizo, sijui anahifadhi nini.

Naomba Jumapili ijayo, ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, mwandike kwamba Layla Murad alichunguzwa na kutakaswa mwaka 1952, na kwamba aliiacha sinema mwaka 1955 akiwa na miaka 37 tu. Mwandishi wenu naye aje kwangu Ijumaa baada ya Alasiri, asikilize santuri tano zilizobaki, kila moja pande zote mbili, ndipo aandike upya. Gramafoni inafanya kazi na sindano mpya nimeshanunua.

Mpiga fidla mstaafu,
Unguja