Mwanangu, hii ndiyo siku yangu ya Ostia

Tanga, Novemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nilifika salama, mvua za vuli zimeshaanza, na dada yako alikuja kunipokea stendi na wajukuu wote. Kwenye simu huniuliza goti linaendeleaje, nakujibu limepoa, tunaagana. Leo nimekaa na kalamu kwa sababu siku ile ya Ostia, kwenye magofu ya bandari ya kale ya Roma, sijakuhadithia hata robo yake. Jioni ile nilikukuta macho mekundu kwa kompyuta, ukaniuliza, "Mama, ulifurahi?" Nikakujibu nilifurahi sana, tukala, tukalala.

Kwanza unisamehe. Uliponiambia kazini wamekubana kwa kikao cha siku nzima, na kwamba umenilipia mwongozaji wa kunitembeza mimi peke yangu, nilinuna. Niliona fedha inamwagwa bure. Watu wanaingia kwenye yale magofu makundi kwa makundi, mwongozaji mbele na kibendera, gharama wanagawana. Mimi nani hata nipewe mtu wangu? Sasa nakwambia, tangu uanze kunitunza hujanipa kitu kikubwa kuliko zile saa tatu, ambazo mwishowe zilifika tano.

Yule mama mwongozaji alinikuta kituo cha Porta San Paolo kama mlivyopatana. Mtu mzima wa rika langu, kitambulisho cha kazi shingoni, jalada la michoro kwapani. Treni ni nusu saa hivi. Njiani hakunianzishia habari za wafalme. Aliniuliza maishani nimefanya kazi gani. Nikamwambia karani wa shehena, bandari ya Tanga, miaka 31, ghalani na gatini. Akaniangalia, akaikunja ramani yake, akasema njia aliyokuwa ameipanga tunaiacha, leo ananipeleka kwa wafanyakazi wenzangu. Mwenye kundi la watu arobaini angewezaje kufanya hivyo?

Jina Ostia limetokana na mdomo, yaani pale mto Tiber ulipoingilia baharini. Roma iko ndani, kiasi cha kilomita 25, na mji mkubwa vile haukuweza kujilisha. Ngano ilitoka Misri na Afrika ya Kaskazini, mafuta na divai vikaja kwa bahari vilevile. Lakini mdomoni mwa mto mchanga ulijaa, meli kubwa zikashindwa kuingia. Zilitia nanga nje, shehena ikashushwa kwenye vyombo vidogo, navyo vikakokotwa kwa kamba kupanda mto mpaka Roma. Mwanangu, si matishali hayo! Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa Raskazone ukitoka shule, ukiyahesabu yanavyokwenda na kurudi kwenye meli zilizotia nanga nje? Miaka yote ya kazi yangu tulipakua hivyo. Nilidhani ni shida yetu sisi, ya bandari isiyo na kina. Kumbe Roma nzima ilikula mkate wa matishali.

Nyuma ya ukumbi wao wa maonyesho, ule wenye ngazi za mawe za kukalia watu, pana uwanja mpana wenye misonobari. Pembeni mwa uwanja vimepangwa vyumba kama sitini, vidogo, kila kimoja na sakafu yake mbele yenye picha ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Hizo zilikuwa ofisi. Wenye meli, mawakala, wafanyabiashara wa kila bandari walikaa pale, na picha ya sakafuni ndiyo kibao cha ofisi. Kwa asiyejua kusoma, picha inatosha. Niliona meli zenye matanga, niliona mnara wa taa za kuongozea vyombo, niliona pishi ya kupimia ngano. Mbele ya chumba kimoja pana tembo. Hapo walikaa watu wa Sabratha, mji wa pwani ya Libya ya leo. Watu wa Carthage, mji wa pwani ya Tunisia ya leo, nao walikuwa na yao. Yule mama akaniambia zama hizohizo wafanyabiashara waliotokea Misri walishuka mpaka pwani yetu, wakaiita Azania, wakinunua pembe za ndovu. Nilimtazama yule tembo kwa jicho jingine.

Lakini kilichoniinamisha, na goti langu hili, ni picha mbili. Ya kwanza ina meli mbili zimesogezwa pamoja na kuli mmoja anavuka kutoka moja kwenda nyingine na mtungi mkubwa begani. Basi. Hakuna mfalme wala mungu wao pale, ni kuli na mzigo wake. Nimewaona watu wakivuka vile maelfu ya mara, shingo imelalia upande mmoja, mimi nimesimama na daftari nikipiga alama. Nilimwambia yule mama, huyu begani ameweka nguo iliyokunjwa, haionekani lakini ipo, asingeweza bila nguo. Akacheka, akatoa kalamu akaandika kwenye jalada lake.

Ya pili ina maandishi tu. Akanisomea: ni chama cha watengeneza kalafati, ya kuzibia nyufa za vyombo, na wasokota kamba. Nikamwomba arudie. Wasokota kamba, mwanangu, na ofisi yao bandarini, jina lao kwenye sakafu ya vijiwe. Nikamweleza kwetu ni nchi ya mkonge, kwamba marobota ya katani yaliyopita mkononi mwangu nikiyapanga yangefika mbali, na kwamba babu yako alikata mkonge mpaka mikono ikawa kama gome. Nilisimama pale muda mrefu. Hakunihimiza.

Kisha tukaenda maghalani. Hapa wengine hupita haraka kwa sababu ni kuta tu za matofali, na mimi hapa ndipo niliponenepa. Katika ghala moja la nafaka akanionyesha sakafu ilivyoinuliwa juu ya vijikuta vifupi vya matofali, vimepangwa mistari, hewa ipite chini. Hakuhitaji kunieleza. Gunia ukiliweka juu ya saruji tupu linavuta unyevu, chini linaoza wakati juu unaona zima. Sisi tuliweka paleti kwa sababu hiyohiyo. Nilichuchumaa nikapeleka mkono karibu na lile pengo. Miaka elfu mbili, na yule aliyejenga alijua shida yangu.

Ghala jingine lina mlango wa fahari, nguzo mbili za matofali na jiwe juu lenye majina mawili, Epagathus na Epaphroditus. Ni majina ya Kigiriki, ya aina waliyopewa watumwa. Wataalamu wanasema walikuwa watumwa walioachwa huru, wakatajirika, wakajenga ghala katikati ya karne ya pili na kuandika majina yao mlangoni ili kila apitaye asome. Nawe umesoma, sasa.

Mengine nilipita nayo na mengine nitakuhadithia tukionana: barabara ya mawe meusi iliyochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, mawe ya kusagia yaliyozungushwa na punda, mgahawa wenye kaunta ya marumaru na picha ya vyakula ukutani, vyoo vya watu ishirini wamekaa bega kwa bega, mabafu yenye mungu wao wa bahari akiendesha farasi wa majini. Na mji wenyewe ulivyokufa, maana bandari hufa. Mwaka 42 Kaisari Claudius alianza bandari nyingine upande wa kaskazini, baadaye Kaisari Trajan akaichimbia bwawa la pembe sita. Ni lile ziwa ulilonionyesha dirishani ndege ilipokuwa inatua, ukasema sijui nani amelichora kwa rula. Mchanga uliendelea kujaa, bahari ikasogea mbali, malaria ikaingia, watu wakahama. Mwaka 1557 mto ukafurika na kubadili njia, ukauacha mji pembeni. Kipande kikubwa cha tulichotembea kilifukuliwa kati ya mwaka 1938 na 1942 tu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie.

Tulikaa chini ya msonobari kupumzisha goti. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia uliondoka ukisema unakwenda kozi ya miezi mitatu, ni miaka kumi na mitano sasa. Sikusema kwa kulaumu. Uliposema miezi mitatu naamini hata wewe ulidhani ni miezi mitatu. Nikamwambia pia kwamba unataka nije nikae nawe kwako Hamburg, Ujerumani, nami nakataa. Akauliza kwa nini. Nikamjibu, mume wangu amelala Muheza na kando yake nimeacha nafasi yangu.

Akakaa kimya, kisha akasema yupo mama mwingine wa Afrika aliyefika hapa akimfuata mwanawe. Ni Monika, mwanangu. Mtakatifu Monika! Jumuiya yetu ina jina lake, kila Jumamosi asubuhi tunamwomba atuombee, na sikuwahi kuuliza alifia wapi. Alifia Ostia.

Alitoka Thagaste, mji ulio Algeria ya leo. Mwanawe Augustino alipotaka kwenda Roma alijua mama atamzuia au atataka kwenda naye. Akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki bandarini. Usiku ule mama akiwa kwenye kanisa dogo anasali, kijana akapanda meli, na asubuhi mama akabaki ufukweni Carthage analia. Baada ya miaka miwili naye akavuka bahari, akamfuata mpaka Milano. Mwaka 387 Augustino akabatizwa, wakafunga safari ya kurudi Afrika, wakafika Ostia kungoja meli. Siku moja walisimama wawili kwenye dirisha linalotazama bustani, wakazungumza kwa raha kabisa. Siku chache baadaye akashikwa homa, na siku ya tisa akafa, umri wake miaka 56.

Huyo mama miaka yote alikuwa ametayarisha kaburi lake kando ya mumewe kwao. Ndilo lililokuwa likimshughulisha. Mwanawe mwingine aliyekuwepo alisikitika kwamba atafia ugenini. Naye akawaambia mwili wauzike popote, wasihangaike nao, ila wamkumbuke altareni mwa Bwana popote watakapokuwa.

Yule mama hakusema lingine. Alisimama, akanishika mkono, tukatoka nje ya lango la magofu mpaka kanisa dogo la Mtakatifu Aurea, hatua chache. Humo ndani pana kipande cha marumaru kilichovunjika, chenye maandishi ya kaburi la Monika. Mwaka 1945 vijana walikuwa wanachimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo wao pembeni mwa kanisa, wakakitoa. Kipande tu, mstari unaanza na kukatika. Niliruhusiwa kukaa. Alinisubiri nje mpaka nilipotoka, na zile saa mbili za ziada hakunidai hata senti.

Ndiyo maana kesho yake nilikusumbua asubuhi unipeleke kanisa la Sant'Agostino, karibu na Piazza Navona, nawe ukashangaa nimelijulia wapi. Mifupa yake ilihamishiwa Roma mwaka 1430, na sasa iko humo. Wewe ulisimama kwenye ile picha ya mchoraji Caravaggio yenye mahujaji wa miguu michafu, ukaipenda, ukapiga picha. Mimi nilikuwa kikanisani kushoto mwa altare kuu, kwake. Uliniona nimelia ukadhani ni goti.

Nimeomba tangu siku ile, nimezungumza na dada yako, nimezungumza na padre. Nitakuja, babaangu. Nikifia huko, usiwapigie watu simu kuomba michango ya kusafirisha mwili, usikope. Nizike hapohapo karibu na unapokaa, upate pa kuja Jumapili na watoto wako. Huku watanisomea misa, dada yako ameahidi.

Baada ya Pasaka nitakwenda Dar kwa ajili ya viza, kwa hiyo niandikie mapema ni karatasi zipi wanazitaka ubalozini nisirudishwe. Yule mama mwongozaji umpelekee salamu zangu, na umwambie nimetafuta picha ya makuli wa Tanga wakipakua tishali, nimeipata, wote wana nguo begani. Nitakuja nayo umtumie.

Jumamosi tulikwenda Muheza kufagia kaburi la baba yako. Ile nafasi ya kando nimepanda asumini.

Mama yako